Unyevu wa Mtwara ni maabara tusiyoitumia

Jumatatu moja asubuhi kijana wa bodaboda aliiweka simu yake mezani kwa fundi simu mmoja, jirani na soko la Chikongola hapa Mtwara. Ilikuwa imeanguka Jumamosi jioni. Kioo kilikuwa na ufa mmoja tu, mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye kona ukakoma kabla ya kufika katikati. Chini ya ufa ule palikuwa na doa jeusi. Kijana akaeleza kwamba Jumamosi doa lilikuwa kama punje ya mtama, Jumapili likawa kama sarafu, na sasa lilikuwa limeshakula robo ya skrini.

"Fundi, huu ugonjwa unatembea," alisema.

Fundi aliinua simu, akaitazama kwa pembeni, akairudisha mezani. "Hiki ni amoledi," aliniambia mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri simu yangu ibadilishwe mlango wa chaji. "LCD, kile kioo cha kawaida chenye taa nyuma, ikipasuka, mwalimu, unaweza kuendelea nayo hata mwaka. Hiki hewa ikishaingia kinaoza. Na hapa kwetu kinaoza upesi."

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na sijawahi kueleza jambo lile kwa neno moja zuri kama lile. Kinachotoa mwanga ndani ya kioo cha namna hiyo ni tabaka nyembamba mno za kemikali za kaboni, kila moja laini na rahisi kushambuliwa na maji na oksijeni. Wanasayansi huziita semikondakta za kikaboni. Zimo mifukoni mwa watu wengi wa Mtwara na Lindi, na nadhani sisi wa huku tuna jambo la kuzifanyia ambalo si kuzinunua tu.

Semikondakta ni kitu kinachopitisha umeme kwa masharti. Shaba hupitisha wakati wote, plastiki ya kawaida haipitishi kabisa, lakini semikondakta ukiigusa kwa mwanga, kwa joto au kwa volti kidogo, inafungua njia. Iliyojenga dunia ya kompyuta ni silikoni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,414 na kuandaliwa kwa usafi wa hali ya juu kabisa. Hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa, na sioni tukiviweka Mtwara hivi karibuni.

Kaboni ina njia yake. Atomi zake zikijipanga katika mnyororo ambamo kifungo kimoja na kifungo maradufu vinapokezana, baadhi ya elektroni hukosa makazi ya kudumu. Haziwi za atomi hii wala ile. Huwa za mnyororo mzima. Tokyo, katika maabara ya Hideki Shirakawa, kichocheo cha kemikali kilitiwa kwa makosa mara elfu moja zaidi ya kipimo, na badala ya unga ikatoka ngozi ya plastiki inayong'aa kama fedha. Baadaye Shirakawa alishirikiana na Alan Heeger na Alan MacDiarmid huko Pennsylvania. Mwaka 1977 walionyesha kwamba ngozi ya plastiki hiyo ikipitishiwa mvuke wa ayodini, uwezo wake wa kupitisha umeme unapanda mara mamilioni. Mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa kampuni ya Kodak ya Marekani, walipanga tabaka mbili za molekuli kama hizo, wakatia volti chache, zikatoa mwanga wa kutosha kuonekana vizuri. Mwaka 1990 wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walipata mwanga kutoka kwenye plastiki yenyewe. Miaka ishirini baada ya ile taa ya Kodak, Sony wakaanza kuuza televisheni ya aina hiyo ya inchi 11. Leo simu za bei ya kati zinakuja na kioo hicho. Kila nukta yake inajiwakia taa yake, na penye weusi taa imezimwa kabisa. Ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli.

Umeme ndani ya vitu hivi hautembei kama ndani ya silikoni. Kwenye silikoni elektroni inakwenda kama gari kwenye lami mpya. Kwenye kaboni inaruka kutoka molekuli hadi molekuli, kama mtoto wa Msangamkuu anavyoruka mawe maji yakipwa: inafika, ila polepole. Kwa hiyo huwezi kutengeneza ubongo wa kompyuta yenye kasi kwa vitu hivi, na anayeahidi hivyo asisikilizwe. Faida yake iko kwingine. Molekuli hizi zinaweza kuyeyushwa zikawa wino, wino ukachapwa juu ya plastiki inayokunjika, kwa joto la chini. Unapata taa, sola au kipimo chepesi kama karatasi.

Sasa turudi kwenye doa jeusi. Kifaa cha namna hii kinahitaji kufungwa kwa namna ambayo vifungashio vyetu vya kila siku havifikii hata kwa mbali. Kanuni inayotumika kwa vioo vya kikaboni ni kwamba kizuizi kisipitishe zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya mvuke wa maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukipiga hesabu, gramu moja ya maji ingehitaji siku milioni moja kupenya mita moja ya mraba. Hiyo ni zaidi ya miaka 2,700. Ufa wa unywele unaifuta miaka hiyo yote kwa wikiendi moja.

Wabanguaji wa korosho hawahitaji somo refu hapa. Karanga ya korosho ikishabanguliwa na kumenywa haiachwi wazi. Inawekwa kwenye mfuko au debe, hewa inaondolewa, na mara nyingi inajazwa naitrojeni au kaboni dayoksaidi, kisha inafungwa. Oksijeni na unyevu ndio maadui, korosho isichache wala isilainike. Skrini za kikaboni nazo hutengenezwa ndani ya vyumba vilivyoondolewa hewa au kujazwa naitrojeni, kwa kuwakimbia maadui hao hao. Tofauti ni ukali wa kipimo.

Jua nalo lina sehemu yake. Kijana wa bodaboda hufunga simu kwenye usukani, ramani imewashwa, mwangaza umepandishwa mpaka mwisho, kuanzia asubuhi hadi magharibi. Baada ya miezi kadhaa kivuli cha saa na vile vitufe vya ramani vinabaki kwenye kioo hata akifungua kitu kingine. Mwanga wa buluu ndio wenye nishati kubwa kuliko nyekundu na kijani, na molekuli zinazoutoa ndizo zinazochoka mapema. Wateja wa fundi hufikiri wameuziwa simu mbovu. Wamenunua simu iliyopimwa mahali ambapo hakuna anayeendesha pikipiki kutoka Mikindani hadi Naliendele saa saba mchana mwezi Februari.

Na hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe. Vifaa hivi hupimwa sana, tena kwa uaminifu, lakini hupimwa kwao. Kipimo kinachojulikana zaidi cha unyevu kwenye paneli za sola ni kuifungia paneli kwenye kabati lenye nyuzi 85 na unyevunyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, yaani siku kama 42. Ni kipimo kizuri. Lakini ndani ya kabati hakuna jua, hakuna chumvi inayoletwa na upepo wa kusi, hakuna usiku wa baridi unaofuata mchana mkali ukaleta umande ukingoni mwa paneli. Mwaka 2011 watafiti wa sola za kikaboni kutoka nchi nyingi walikubaliana taratibu za pamoja za kupima uimara wake, na ndani yake mna kipimo cha kuziweka nje, juani, na kuandika kinachotokea. Utaratibu wenyewe upo tayari kwa yeyote mwenye mahali pa kufaa.

Mahali pa kufaa ni huku kwetu. Mtwara iko nyuzi kama 10 kusini mwa Ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo chumvi ya mezani inageuka maji kwenye kibakuli. Ukitoka ufukweni Shangani ukapanda hadi Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, unakuta ukungu na baridi ya asubuhi. Ukiteremkia Nachingwea unakutana na joto kavu la bara. Hizo ni hali tatu tofauti za hewa, na unaweza kuzizungukia kwa siku moja au mbili ukiwa na paneli nyuma ya gari.

Watu wa Kusini wanajua majaribio ya muda mrefu yanavyofanywa. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimeishi kwa kazi hiyo: mikorosho inapandwa kwa mistari, mmoja unapuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mwingine unaachwa kwa ulinganisho, na mtu anarudi msimu baada ya msimu kuhesabu na kuandika. Matokeo hayaji kwa mwezi mmoja, na hakuna anayelalamika. Sola ya plastiki inataka uvumilivu wa namna hiyo hiyo. Paneli kumi kwenye fremu ya mbao, moja ya silikoni pembeni kwa ulinganisho, mita ya kupimia volti na ampea, kipimajoto, kipimo cha unyevu, kamera ya simu kwa ajili ya kupiga picha madoa, na daftari. Vijana wa shule ya sekondari ya Mtwara Ufundi wanaweza kuifanya kazi hiyo, wanachuo wa Stella Maris wakaichakata kwa takwimu. Kitu cha bei kubwa hapo ni paneli zenyewe, na wenye viwanda ndio wanaopaswa kuzileta, maana wao ndio wanaohitaji kujua.

Sharti moja nalisisitiza: matokeo yatangazwe, mazuri na mabaya, na nakala ibaki hapa. Tumeshaona gesi ya Mnazi Bay ikigunduliwa mwaka 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likaanza kujengwa, na mwaka 2013 watu wa Mtwara wakaingia barabarani kudai wajue fungu lao. Sitaki kufananisha paneli kumi na bomba la gesi. Ninachosema ni kwamba takwimu nazo ni mali, na mali ikitoka bila maandishi hairudi.

Ataniuliza mtu: kwa nini tuhangaike na sola dhaifu wakati ile ya silikoni imeshuka bei na inadumu miaka 25? Swali la haki. Mkulima wa Tandahimba anayetaka kuwasha taa tatu na kuchaji simu mwaka huu anunue silikoni, asisubiri kitu. Kwenye maabara sola za kikaboni zimefika karibu asilimia 20 ya kugeuza mwanga kuwa umeme. Zinazouzwa ziko chini sana ya hapo. Kampuni ya Konarka ya Marekani, ambayo Heeger mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilifilisika mwaka 2012 baada ya kupewa fedha nyingi na sifa nyingi. Heliatek ya Dresden, Ujerumani, imekuwa ikitengeneza filamu zake, ikiuza wepesi zaidi kuliko nguvu. Atakayekuja hapa na mkoba wa sola ya plastiki akiahidi miaka ishirini aombwe karatasi za majaribio ya pwani ya joto. Akikosa, apewe maji ya kunywa na aagwe.

Lakini wepesi una kazi yake. Paneli ya kioo ina uzito wa zaidi ya kilo kumi kwa mita ya mraba, na paa la makuti halikujengwa kubeba hivyo. Ngalawa nayo haina pa kuiweka. Filamu inayoviringishwa kama mkeka inafika mahali ambapo kioo hakifiki, mradi tujue inadumu miezi mingapi kwenye chumvi. Hatujui mpaka tuipime.

Kuna matumizi mengine ambayo mimi nayapa uzito kuliko sola, nayo yanatokana na udhaifu ule ule. Kama plastiki hizi zinasumbuliwa na mvuke wa maji kiasi hicho, basi zinaweza kutumika kuupima. Zipo zinazobadilisha kiasi cha umeme zinazopitisha kila unyevu unapopanda au kushuka, na tayari hutumika kutengenezea vipimo vyembamba vya unyevu. Hebu fikiria ghala la chama cha msingi mwezi wa Novemba. Magunia yamepangwa hadi juu, mvua za kwanza zimewahi, mnada umesogezwa mbele. Mkulima alileta korosho kavu zinazolia ukitikisa gunia. Wiki tatu baadaye zinaambiwa zimeshuka daraja. Nani alizilowesha? Yeye anasema ghala, ghala linasema yeye. Nimeshuhudia ubishi wa namna hiyo ukivunja urafiki wa watu wazima. Kipande cha plastiki kilichochapwa wino, chenye ukubwa wa stempu, kikiingizwa katikati ya magunia na kusomwa kila asubuhi, kingesema unyevu ulipanda siku gani na upande upi wa ghala. Hakihitaji kudumu miaka 25. Kikidumu msimu mmoja kimelipa.

Kifaa hicho hakihitaji kiwanda cha silikoni. Kinahitaji watu wanaojua kemia ya kaboni, na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu kemia ya kaboni tunayo miguuni. Grafiti ya Ruangwa ni kaboni ambayo elektroni zake zinatembea kwa sababu ile ile ya vifungo vinavyopokezana. Na ganda la korosho, lile linalobabua mikono ya akina mama wabanguaji hadi wajipake majivu, limejaa mafuta yenye asidi ya anakadi na kadanoli, ambayo wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza kwa miaka mingi.

Nisieleweke vibaya kuhusu mafuta hayo. Nimesikia watu wakisema tutatengeneza vioo vya simu kwa maganda ya korosho, nami siungi mkono maneno hayo. Kadanoli ina pete moja ya kaboni na mkia mrefu ambao vifungo vyake maradufu vimetawanyika. Havipokezani, kwa hiyo yenyewe haipitishi umeme. Inaweza kuwa malighafi ya molekuli nyingine baada ya kazi kubwa ya maabara, na hilo ni jambo la wataalamu. Ninachokiona karibu zaidi ni upande wa kufungia. Kutokana na kadanoli hutengenezwa vigandishaji vya rangi za epoksi zinazopakwa kwenye meli, na sifa yake mojawapo ni kwamba hushika hata hewa ikiwa na unyevu mwingi. Haitafikia ile gramu moja ya siku milioni moja. Lakini ukingo wa paneli, sanduku la nyaya, kipimo cha ghalani, vyote vinahitaji gundi na rangi isiyoogopa chumvi. Korosho zetu nyingi huondoka bandarini zikiwa na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Ganda na mafuta yake huondoka pamoja nazo, hata bila kutajwa kwenye bei ya mnada.

Nimemweleza fundi wa Chikongola haya yote kwa vipande, siku mbalimbali, yeye akiwa ameinamia kazi. Siku moja alivuta droo akanitolea daftari la mistari lenye jalada lililoloa mafuta. Alilianza kwa sababu ya ugomvi wa waranti. Kila kioo anachobadilisha anakiandika: tarehe, aina ya simu, orijino au kopi. Kikirudi kabla ya wakati anaandika tena, safari hii kwa peni nyekundu, neno moja: "doa", "mistari" au "kivuli". Niliyafunua kurasa polepole. Bila kupiga hesabu yoyote, macho tu yaliniambia kwamba neno "doa" linajaa zaidi kwenye kurasa za Januari, Februari na Machi.

Nilimwomba aniruhusu nije na vijana wawili wa kidato cha tano walinakili kwenye kompyuta, tulipange kwa miezi, kisha tulilinganishe na vipimo vya mvua na unyevu vya kituo cha hali ya hewa. Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Njooni Jumamosi, mwalimu, baada ya saa nane wateja wakipungua," alisema. "Lakini namba za simu za watu msizinakili."

Tumekubaliana hivyo.